Nani amekosea Baba Yetu?

Juzi juzi tulikuwa msibani, na msibani ndio mahali makanisa yote yanakutana bila kualikana, Wakatoliki wapo, Walutheri wapo, Wapentekoste wapo, Wasabato wapo, na wapo na wale ambao mara ya mwisho kuingia kanisani walikuwa wamebebwa mgongoni. Akasimama mzee mmoja akasema tusali sala aliyotufundisha Bwana. Tukaanza vizuri kabisa sauti moja, Baba yetu uliye mbinguni, jina lako litukuzwe, halafu hapo hapo ikaanza. Nusu ya watu "ufalme wako ufike", nusu "ufalme wako uje". Hawa "utakalo lifanyike", wale "mapenzi yako yatimizwe". Hawa wanaomba mkate wa kila siku, wale wanaomba riziki. Ikabaki mvumo tu kama wa nyuki, kila mtu anajikaza asipotezwe na jirani yake, na tulipofika mwisho upande mmoja ukasema "utuopoe maovuni, amina" ukanyamaza, umemaliza, wakati upande wa pili ndio kwanza unapandisha sauti "kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu". Kuna baba mmoja mbele yangu alikuwa ameshavaa kofia ikabidi aivue tena.

Mtoto wa kaka yangu ana miaka tisa, alikuwa pembeni yangu kanishika gauni. Akanivuta akaninong'oneza, kwa ile minong'ono ya watoto inayosikika mpaka nyuma: "Shangazi, nani amekosea?"

Nikamwambia hakuna aliyekosea, nyamaza, nitakueleza nyumbani. Na nyumbani hakusahau, watoto hawasahau vitu kama hivyo. Basi nikamweleza. Yesu na wanafunzi wake lugha yao ya kila siku ilikuwa Kiaramu, Injili tulizo nazo zimeandikwa kwa Kigiriki, na Kiswahili chetu kimekuja baadaye sana kupitia mikono tofauti, Wakatoliki walitafsiri sala kivyao, Waprotestanti kivyao, kila mtu akakua na maneno aliyofundishwa na mama yake. Na hata Biblia yenyewe ina sala hiyo mara mbili, Mathayo 6 na Luka 11, na ya Luka ni fupi kuliko ya Mathayo, kwa hiyo ukitaka kugombana kuhusu maneno anza kwanza kuwagombanisha hao wawili. Ule mkia wa "kwa kuwa ufalme ni wako" haupo kwenye nakala za zamani kabisa za Mathayo, unaonekana kwenye nakala za baadaye, ila pia si kwamba mtu kautunga jana, kuna kijitabu cha mafundisho ya Wakristo wa mwanzo kinaitwa Didake, wataalamu wengi wanakiweka karne ya 1 au mwanzoni mwa ya 2, na humo tayari sala inafungwa na nguvu na utukufu hata milele. Na Wakatoliki nao wanayasema maneno hayo kwenye misa, ila padre anasali kwanza kidogo katikati. Sema msibani hakuna padre wa kukaa katikati ndio maana tunagongana.

Akafikiria, akasema "sasa mimi niseme ipi?" Nikamwambia sema ya mama yako.

Nimeandika hii kwa sababu nafundisha darasa la vijana kanisani na kila wiki natoka na maswali ya namna hii, mengine ya kuchekesha mengine yananikosesha usingizi, na kitu kimoja nimekiona ni kwamba watu wazima wanayo maswali yale yale ya watoto ila wameshajifunza kunyamaza. Mimi mwenyewe nilinyamazishwa. Nilikuwa na miaka kumi hivi nikamuuliza mwalimu wetu wa Jumapili Kaini alimuoa nani, maana Mwanzo 4 inasema akamjua mkewe na hapo tumeshatajiwa watu wanne tu duniani na mmoja ameshauawa. Nikaambiwa nina roho ya ubishi na nisimame mpaka kipindi kiishe. Kumbe angefungua ukurasa unaofuata, Mwanzo 5:4, Adamu alizaa wana, waume na wake, ndio jibu la zamani la wengi, kwamba alioa katika ndugu zake. Wengine wanasema habari ile haikuandikwa ili tuhesabu watu wote waliokuwepo. Vyovyote vile, ni dakika mbili. Mimi nilisimama dakika arobaini.

Kwa hiyo darasani nina mtindo wangu, mtu akiuliza swali tunalipitisha kwanza kwenye chekeche: hii ni Biblia, ni utaratibu wa kanisa, au ni mazoea tu? Hutaamini ugomvi unavyopungua. Chukua mamajusi. Kila mtu anajua walikuwa watatu, waulize vijana watakwambia na majina, Gaspari, Melkiori na Baltazari. Soma Mathayo 2 uniambie imeandikwa wapi watatu. Zawadi ndizo tatu, dhahabu, uvumba na manemane, watu hawakuhesabiwa na majina hayakutajwa, na tena walimkuta mtoto "nyumbani", hori la kulia ng'ombe liko kwa Luka na wachungaji wake. Tunda la Edeni halijaitwa tofaa, limeitwa tunda basi. Paulo alipotokewa na Yesu njiani kwenda Dameski hakuanguka kutoka kwenye farasi, soma Matendo 9 yote, farasi hayumo, wachoraji ndio walimpandisha. Wala jina halikubadilishwa siku ile ya Dameski, ukienda Matendo 13:9 bado anaitwa Saulo na Luka anasema kwa kupita tu kwamba ndiye Paulo pia, mtu mwenye majina mawili kama sisi wengi. Tarehe 25 Desemba nayo haimo, ushahidi wa zamani tulio nao ni wa Roma mwaka 336, karne tatu baadaye. Sisemi usisherehekee. Mimi nasherehekea na nakula mpaka nashindwa kuinuka.

Ila kuna moja inanikera. "Mungu anasema jisaidie nami nikusaidie." Watu wananukuu hii wamefumba macho, nimeisikia mpaka madhabahuni, na haipo. Tafuta Mwanzo mpaka Ufunuo. Ni msemo wa kale sana, Wagiriki walikuwa nao kabla ya Kristo, na ukiutazama vizuri unakwenda kinyume kabisa na Injili, maana Warumi 5 inasema Kristo alikufa tulipokuwa hatuna nguvu. Wasioweza kujisaidia ndio habari yenyewe. Mtu amelala kitandani hawezi kujigeuza unakwenda kumwambia jisaidie, hapana jamani.

Haya, fungu la kumi. Hili wananiuliza kwa sauti ya chini, wakishahakikisha mhasibu wa kanisa hayupo karibu. Kabla ya makato au baada ya makato? Na kama nina deni? Na kama mume wangu hataki?

Biblia haijui makato. Fungu la kumi la Torati lilikuwa la mazao na mifugo, Walawi 27, na kwenye Hesabu 18 wanapewa Walawi, kabila la wahudumu wa ibada, kwa sababu wao hawakugawiwa ardhi. Lakini kuna sura moja ambayo sijawahi kusikia ikihubiriwa siku ya matoleo hata mara moja, Kumbukumbu la Torati 14. Pale unaambiwa uchukue zaka yako ya nafaka na divai na mafuta uende mahali Bwana alipochagua ukaile huko, wewe na nyumba yako. Kama ni mbali uuze, uende na pesa, ukifika ununue chochote roho yako inachotaka, ng'ombe, kondoo, hata divai na kileo, mle mfurahi mbele za Bwana. Na kila mwaka wa tatu inabaki mjini kwenu kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Nilipowasomea vijana walidhani natania, mmoja akaninyang'anya Biblia asome mwenyewe.

Halafu ndio kuna Malaki 3, hii kila mtu anaijua kwa kichwa, leteni zaka kamili ghalani. Ni neno zito na silikwepi. Lakini soma kutoka juu. Aya ya 5, kabla hata hatujafika kwenye mwanadamu kumwibia Mungu, Bwana anasema anakuja kuwashitaki wanaomwonea kibarua mshahara wake na wanaomwonea mjane na yatima. Nimeona kanisa linasoma aya ya 8 mpaka ya 10 huku mlinzi wake ana miezi mitatu hajalipwa. Na yule "alaye" anayekemewa kwenye aya ya 11, ambaye wahubiri wanamfanya pepo wa kula mishahara, ukimalizia sentensi unaona anaharibu mazao ya ardhi, ni wadudu, nzige na jamaa zao. Mtoto wa mtu anaumwa anaambiwa ni kwa sababu hakutoa zaka, hayo siyo Malaki.

Agano Jipya? Yesu anaitaja zaka kwenye Mathayo 23:23, anawaambia Mafarisayo mnalipa zaka za mnanaa na bizari na jira mmeacha adili na rehema na imani, na anasema hayo iliwapasa kuyafanya bila kuyaacha yale mengine. Paulo anapochangisha Wakorintho hataji kumi, anasema kila mtu kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni wala kwa lazima. Wanaosema ni lazima wana mistari yao na wanaosema ni hiari wana yao. Mimi natoa kumi, baada ya makato, hali ikiwa nzuri nazidisha ikiwa mbaya napunguza, na yule alaye sijamwona bado. Lakini nikikutana na mtu anayelia kwa sababu hana cha kupeleka namfungulia Luka 2:24. Yusufu na Mariamu wanampeleka mtoto hekaluni na sadaka yao ni ndege wawili. Sasa rudi Walawi 12, sadaka ya mama aliyejifungua ni mwanakondoo, na kama mali yake haifikii mwanakondoo ndio alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Kwa hiyo siku ya kwanza Yesu kuingia hekaluni aliingia na sadaka ya watu wasio na uwezo. Hawakurudishwa mlangoni, na hatusomi mahali popote kwamba kuna mtu alisoma jina lao kwenye kipaza sauti.

Maswali mengine ni mepesi nayapitia haraka. Kwaresima ni siku 40 mbona nikihesabu kutoka Jumatano ya Majivu napata 46? Toa Jumapili sita, Jumapili ni sikukuu ya ufufuko haihesabiwi kwenye mfungo, zinabaki 40. Biblia ya Wakatoliki mbona nene? Ina vitabu 73 na ya Waprotestanti 66, tofauti yote iko Agano la Kale, Tobiti, Yudithi, Wamakabayo viwili, Hekima, Yoshua bin Sira na Baruku, pamoja na nyongeza kwenye Esta na Danieli, na Waorthodoksi wa Ethiopia wanafika 81, ila Agano Jipya tunalosoma sisi wote huku ni lile lile la vitabu 27. Jumapili ililetwa na Konstantino, yule mfalme wa Roma? Hapana, yeye mwaka 321 aliifanya siku ya mapumziko kisheria, lakini Yustino, mwandishi Mkristo wa kale, aliandika katikati ya karne ya 2 kwamba Wakristo wanakusanyika siku hiyo, na Matendo 20:7 inawaonyesha siku ya kwanza ya juma wakimega mkate. Wasabato watakwambia amri ya nne haijafutwa na hoja wanayo, shemeji yangu ni Msabato tumeshabishana mpaka chai ikapoa, sasa tumekubaliana kwamba Jumamosi simpigii simu.

Nikisinzia nikiwa nasali ni dhambi? Kuna binti aliniuliza hili akiwa anakaribia kulia, ana mtoto mchanga, anapiga magoti usiku anaamka saa nane yuko pale pale magotini, shavu limechapwa alama za shuka. Nikamwambia mama, lala kitandani usali ukiwa umelala. Mfalme Hezekia aliomba akiwa mgonjwa kitandani amegeukia ukutani akaongezewa miaka 15 ya kuishi. Nehemia aliomba amesimama mbele ya mfalme katikati ya maongezi hata mfalme hakujua. Petro anazama, sala yake maneno mawili tu, Bwana, niokoe, angesema sala ndefu angemaliza akiwa chini.

Ubatizo ndio umenitesa zaidi, kwa sababu umeingia mpaka ndani kwangu. Mimi nilimwagiwa maji nikiwa na miezi mitatu, mume wangu alizamishwa mtoni ana miaka 19 akatoka huko amepoteza kiatu. Tulipopata mtoto wa kwanza ikawa kazi. Mimi namwekea Matendo 16, Lidia alibatizwa na nyumba yake, mlinzi wa gereza na watu wake wote, yeye ananiuliza imeandikwa wapi kwamba walikuwemo wachanga, na kweli haijaandikwa, na wala haijaandikwa kwamba hawakuwemo. Kuhusu wingi wa maji nilimshinda na Didake ile ile, inasema batiza kwenye maji yanayotiririka, kama hakuna tumia maji mengine, kama hakuna ya baridi basi ya moto, na kama yote hayatoshi mwagia kichwani mara tatu. Kwa hiyo ndugu zetu wa mwanzo hawakufa kwa ajili ya kipimo cha maji. Lakini kwenye umri hatukushindana tena, tulimweka mtoto wakfu na ubatizo atauomba mwenyewe. Mama yangu mpaka leo hajanisamehe vizuri, na siku moja nilimkuta jikoni kamshika mjukuu karibu na bomba la maji sikutaka kuuliza anafanya nini. (Na ajue asijue, kanisa lake linafundisha kwamba kwenye hatari ya kifo mtu yeyote anaweza kubatiza, hata asiye Mkristo, mradi atumie maji, aseme kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na akusudie kile kanisa linachokusudia. Ila mtoto alikuwa mzima kabisa anakula ndizi.)

Mwaka jana dada mmoja alinisubiri darasa lilipoisha. Alisimama mlangoni anakunja na kukunjua kile kikaratasi cha matangazo mpaka kikachanika. Mtoto wake aliishi saa nne tu, hakubatizwa, na kuna mtu kanisani, simtaji, alimwambia mtoto hawezi kuwa mbinguni. Akaniuliza yuko wapi.

Nilijua historia yake. Nilijua Agostino, yule mwanateolojia wa kale, aliandika kwa ukali juu ya hilo, nilijua wanateolojia wa zama za kati walitafuta mahali pa katikati pasipo na mateso wakapaita limbo, na kwamba halikuwahi kuwa fundisho la lazima, na mwaka 2007 tume ya wanateolojia ya Vatican ilitoa hati, kwa idhini ya Papa Benedikto wa 16, ikisema kuna sababu nzito za kutumaini kwamba watoto hao wanaokolewa. Nilijua pia makanisa ya kubatiza wakubwa hayana hata shida hiyo. Nilianza kumweleza nikaona macho yake yameshaondoka. Nikanyamaza. Nikamwambia tu kwamba Daudi naye alifiwa na mtoto mchanga, akaoga akabadilisha nguo akasema mimi nitakwenda kwake, lakini yeye hatanirudia mimi. Akauliza, Daudi alisema hivyo? Nikamwonyesha, 2 Samweli 12:23. Akaweka kidole pale kwenye mstari akakiacha. Tukakaa kwenye benchi la nje, hatukuongea, rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba bila neno na walikuwa wanaendelea vizuri tu mpaka walipofungua midomo. Mlinzi alikuja kufunga geti akatuona akarudi na funguo zake.

Siku hizi anakuja darasani, anakaa nyuma, na swali aliloleta wiki iliyopita ni kama malaika wanachoka.

Mtoto wa kaka naye likizo hii yuko kwangu. Jana usiku nimeshazima taa nimeshafika mlangoni, kimya, halafu kutoka gizani: "Shangazi. Adamu alikuwa na kitovu?" Hilo nimemwambia akamuulize mchungaji.